Tumtanie Mkenya, Lakini Tumwige Pia

 

Wiki hii nataka tuzungumze habari za jirani. Simsemi jirani wa shamba la pili, bali jirani yetu mkubwa wa kaskazini, yaani Kenya. Najua wengine mwacheka kabla sijaanza, maana huku kwetu ukimtaja Mkenya kila mtu ana neno lake tayari. Chekeni tu. Lakini tafadhali someni mpaka mwisho, kwa sababu huko mwishoni mna jambo langu la aibu ambalo sijapata kuliandika katika ukurasa huu.

Nianze na kisa. Binti yetu wa tatu ameolewa Kenya, katika milima ya Taita, karibu na Wundanyi. Mwezi wa Juni 2019 alikuja kututembelea pamoja na mumewe na watoto wawili. Walipita Voi na Taveta, wakavuka mpaka Holili, wakashika njia ya Moshi na Same hata Mombo, ndipo wakapanda kwa Soni na Lushoto mpaka huku kwetu nyuma ya Mlalo. Safari ya siku nzima na zaidi. Ikawa siku zile zile timu yetu ya Taifa yacheza na timu ya Kenya mjini Cairo, tarehe 27 Juni, katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Sisi tulikuwa hatujaingia katika mashindano hayo tangu mwaka 1980. Miaka 39! Basi mwaweza kufikiri furaha iliyokuwapo.

Usiku ule vijana wangu wakamchukua shemeji yao mpaka dukani penye televisheni, nami nikajikongoja nyuma yao. Watu walijaa hata nje. Mkenya alikuwa mmoja tu, mkwe wangu, ameketi juu ya kreti la soda katikati ya Watanzania mia. Simon Msuva akafunga bao mapema. Lo, kelele! Michael Olunga wa Kenya akarudisha. Kabla hatujanyamaza, Mbwana Samatta akafunga la pili. Tukaenda mapumziko tukiwa mbele, na vijana wangu wakamwambia shemeji yao akalale, maana safari ya kurudi Taita ni ndefu na mwenye huzuni huchoka upesi.

Wasomaji, mwajua mambo ya mpira. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha, na zikiwa zimebaki dakika kama kumi, Olunga yule yule akafunga la tatu. Tatu kwa mbili. Duka lote likawa kimya kama nyumba ya msiba. Mkwe wangu akainuka taratibu, akasema, "Mashemeji zangu, sasa nani atanionyesha njia ya nyumbani? Au nijitafutie mwenyewe?"

Mimi sikusema neno. Desturi yetu mwaijua: baba mkwe na mkwe hawataniani, wanaotaniana ni mashemeji. Lakini asubuhi yake alinijia kwa adabu, ameshika pakiti ya majani ya chai ya kwao kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo, Baba. Nimeleta chai ya pole." Nikaipokea. Mama watoto akaichemsha, tukanywa. Nami nikakiri moyoni kwamba ilikuwa chai nzuri.

Basi hapo ndipo mawazo yangu yalipoanza.

Sisi na Wakenya ni watani, na utani ni jambo la heshima katika Afrika. Mtani wako aweza kukucheka sura, kukuchukulia jembe lako na kukudai kuku kabla ya kulirudisha, na wewe huruhusiwi kukasirika. Lakini utani una wajibu wake. Ukifiwa, mtani ndiye anayefika, ndiye anayeshika kazi wakati ndugu wenyewe wamelemewa na machozi. Asiyefika msibani si mtani, ni mtu mwenye kelele tu.

Nasi twataniana sana. Wao hutucheka kwamba sisi ni wapole mno na wazito wa biashara. Sisi hutucheka Kiswahili chao, twasema eti lugha hii ilizaliwa Unguja, ikakulia Tanzania, ikafia Kenya. Katika Kanisa nako tumepata la kuringia: Kardinali wa kwanza Mwafrika alikuwa wetu, Laurean Rugambwa, aliyetangazwa mwaka 1960, nao wakangoja mpaka mwaka 1973 kumpata Kardinali Maurice Otunga. Haya ni maneno ya kuchekea chai.

Lakini upo wakati utani uliharibika ukawa uchungu. Wazee wenzangu mwakumbuka mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa katika kuvunjika. Serikali yetu iliufunga mpaka wa Kenya, nao ukakaa umefungwa mpaka Novemba 1983. Sisi tulisema huko kwao mtu hula mtu. Wao wakajibu kwamba huku kwetu hakuna hata cha kula. Waliokuwa na ndugu ng'ambo walikaa bila kuonana. Ushikeni vizuri mwaka huo wa 1977, maana nitaurudia.

Wajibu wa utani nao tumeutimiza. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka asubuhi moja Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na Dar es Salaam watu 11. Siku ile hakuna aliyemtania mwenzake. Tena mwaka 2008, Wakenya walipokuwa wakiuana baada ya uchaguzi na watu zaidi ya 1,000 wamekwisha kufa, Mzee Benjamin Mkapa alikwenda Nairobi pamoja na Kofi Annan na Mama Graca Machel kuwapatanisha. Rais Kikwete, ambaye mwaka ule alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akafika pia, na tarehe 28 Februari mapatano yakatiwa sahihi. Hivyo ndivyo mtani afanyavyo.

Sasa nauliza: je, mtani hana wajibu mwingine? Mimi naona anao. Mtani akutazama karibu kuliko watu wote, kwa hiyo aliona baya lako na jema lako pia. Kama wewe nawe wamtazama mtani wako kila siku usione hata jambo moja la kuiga, basi macho yako yana kasoro.

Tutazame pamoja. La kwanza ni mbio. Mwaka 1968 huko Mexico, Kipchoge Keino alikuwa mgonjwa wa nyongo, akashinda mbio za mita 1,500 akapata medali ya dhahabu. Katika michezo ile ile, John Stephen Akhwari wetu alimaliza mbio ndefu za marathoni akiwa wa mwisho, goti limefungwa bandeji, na dunia nzima yamheshimu hata leo. Wote wawili ni mashujaa. Lakini tangu siku zile Wakenya wamepata medali za Olimpiki zaidi ya 100, na sisi tunazo 2 tu, za fedha, alizoleta Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kutoka Moscow mwaka 1980. Nashukuru kwamba mwezi wa Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia huko Tokyo, akampita Mjerumani kwa kifua tu. Tumwombee na wengine wamfuate.

La pili ni hiyo chai ya pole. Chai ilipandwa Limuru, Kenya, mwaka 1903. Hapa kwetu Wajerumani waliipanda Amani, katika milima hii hii ya Usambara, karibu na wakati huo huo. Tulianza karibu pamoja! Leo Kenya hupata kilo milioni 500 na zaidi kwa mwaka, na sisi hatufiki milioni 40. Wengine watasema ni ardhi. Ardhi ni nzuri kwao, sikatai. Lakini jambo jingine ni kwamba tangu mwaka 1964 waliwaweka wakulima wadogo wa chai katika shirika moja, mwenye vichaka vichache sawa na mwenye shamba, wakajengewa viwanda karibu, na baadaye wakulima wenyewe wakawa na hisa katika viwanda hivyo. Wananung'unika kama wakulima wote wa dunia, lakini mkulima wa kule akichuma chai yake ajua kiwanda ni chake pia.

La tatu ndilo lililonifanya nichukue kalamu, nalo laigusa milima yetu kuliko mengine yote.

Turudi mwaka 1977. Tarehe 5 Juni mwaka ule, miezi minne baada ya sisi kuufunga mpaka, mama mmoja wa Kenya alipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Jina lake Wangari Maathai. Miti ile mingi ilikufa. Yeye hakuacha.

Wazazi mnaosoma, jueni alivyolelewa mama huyo. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri, mtoto wa wakulima. Kaka yake aliuliza kwa nini dada haendi shule kama wavulana, na mama yao akaona swali lile ni la haki. Akasoma kwa masista wa misioni ya Mathari, kisha kwa masista wa Loreto huko Limuru, na mwaka 1960 akapelekwa Marekani kusoma katika chuo cha masista Wabenedikto. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari wa elimu. Yote hayo kwa sababu ya swali moja la kaka yake. Wenye mabinti nyumbani, nanyi fikirini.

Alipokwenda vijijini aliwasikia akina mama wakilalamika: kuni hakuna, maji yako mbali, watoto hawali chakula kizuri. Akawaambia, basi pandeni miti. Mabwana miti walicheka, wakasema kupanda miti ni kazi ya wenye diploma. Akina mama wakaotesha mbegu katika mikebe mibovu na vyungu vilivyovunjika, kila kitu kilichoweza kushika udongo. Kwa kila mche uliopandwa ukashika, mama alipewa senti chache. Angalieni hekima hiyo: hawakulipwa kwa mche uliooteshwa, bali kwa mche uliopona. Kwa hiyo mama hakupanda na kusahau. Alirudi kuutazama.

Walipita miaka hata miti ikawa zaidi ya milioni 30, na mwaka 2004 Mama Wangari akapewa Nishani ya Nobel ya amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Lakini msidhani alipewa raha. Mwaka 1989 wakubwa walitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, mahali wanapopumzika maskini wa Nairobi. Akakataa peke yake, akatukanwa hata bungeni, na mwisho jumba halikujengwa. Mwaka 1999 alikwenda kupanda miti katika msitu wa Karura uliokuwa ukigawiwa watu, akapigwa kichwani hata akatoka damu. Msitu ule upo mpaka leo. Alifariki dunia tarehe 25 Septemba 2011.

Nami nauliza, mwaka ule wa 1977 sisi tulikuwa tukifanya nini? Tulikuwa tukimcheka jirani nyuma ya mlango uliofungwa.

Mtaniambia, "Mzee, hata sisi tulifundishwa kutunza ardhi." Naam, tulifundishwa. Mwaka 1946, wakati wa Waingereza, ulianza hapa Mlalo mpango wa kulima kwa matuta ili udongo usichukuliwe na mvua. Baadaye ukaenezwa Usambara. Udongo ulikuwa ukienda kweli, wala Mwingereza hakudanganya. Lakini mambo yalikuja kwa amri na faini, na kazi ile ngumu ikawaangukia sana akina mama ambao hawakuulizwa neno. Watu wakachukia matuta kama wanavyochukia kodi, na kabla ya Uhuru mpango ukaachwa. Tazameni tofauti. Huku mtu mkubwa aliamuru, jambo likafa. Kule mama aliuliza wenzake wanapungukiwa na nini, jambo likaota.

Sasa nafika kwenye aibu yangu.

Asubuhi ile baada ya chai ya pole, mkwe wangu aliniomba nimtembeze. Nikampeleka kwenye chemchemi yetu, bondeni chini ya shamba. Alipoona watoto wanakinga maji kwa kikombe, wakimimina ndoo kidogo kidogo, aliniuliza, "Baba, chemchemi hii tangu zamani ilikuwa hivi?"

Nikamjibu kama nilivyozoea kuwajibu watoto wangu: "Zamani ilikuwa na maji mengi. Siku hizi mvua zimepungua. Dunia imebadilika."

Mama watoto alikuwa nyuma yetu na ndoo yake. Akasema, wala hakupaza sauti, "Baba Fulani, mwambie mkweo habari ya mkuyu."

Wasomaji, palikuwa na mkuyu juu ya chemchemi ile. Shina lake watu wanne walilizunguka kwa mikono wasilifunge. Babu yangu alikataza mtu kuukata hata tawi, na baba yangu akashika neno lile. Mwaka 1984, baba amekwisha kufa, kabichi zilikuwa na bei nzuri huko Dar es Salaam, na mimi nilikuwa kijana mwenye shoka na watoto wadogo. Niliukata. Ilinichukua siku tatu. Pale nikapanda kabichi, na pembeni nikapanda mikaratusi ya kuuza nguzo. Marehemu mama yangu hakunigombeza. Alisimama akatazama, akachukua mtungi wake akarudi nyumbani. Mwaka wa tatu maji yakapungua. Mwaka wa tano ikawa yanakatika kila kiangazi, na akina mama wakaanza kupanda na kushuka mlima kwenda kijito cha pili. Mimi nikasema ni mvua. Zaidi ya miaka 30 nimesema ni mvua, na wote waliokuwapo wanajua niliukata mimi.

Nikamwambia mkwe wangu kweli. Ni jambo gumu baba mkwe kukiri mbele ya mkwe, tena Mkenya aliyetufunga mabao matatu usiku wake.

Hakucheka. Alisema, "Baba, hata kwetu ni vivyo hivyo. Milima ya Taita na hii yenu ni ndugu, ni safu moja. Lakini sisi misitu yetu ya asili imebaki vipande vidogo, Ngangao, Mbololo, Chawia, basi. Nyinyi bado mnao Shagayu, mnao Magamba. Nawaonea wivu. Msingoje mpaka mfike tulipofika sisi."

Nilidhani mimi ndiye ninayemwonea wivu Mkenya. Kumbe naye aonea wivu kitu changu, na kitu hicho ndicho nilichokuwa nikikiharibu.

Baadaye nikasoma kwamba Mama Wangari naye alikuwa na mti wake. Utotoni, karibu na nyumba yao, ulikuwapo mti uitwao kwao mugumo, jamii ya mkuyu, na mama yake alimkataza kuokota kuni zake kwa kuwa ni mti wa Mungu. Kando yake palikuwa na kijito, naye alikuwa akicheza na mayai ya vyura majini. Aliporudi kutoka Marekani akakuta mti umekatwa ili chai ipandwe, na kijito kimekauka. Alitambua kwamba mizizi ya mti ule ilipasua mwamba na kuyafungulia maji njia. Niliposoma hayo nilifunga kitabu, nikakaa kitako muda mrefu.

Tena fikirini jambo hili. Kijito chetu chaingia mto Umba. Mto huo waanza katika msitu wa Shagayu, washuka milimani, wapita nyika kavu ya mashariki, kisha waingia Kenya na kumwaga baharini karibu na Vanga. Wazungu walipogawana nchi zetu mwaka 1886, mapatano yao yaliutaja mdomo wa mto huo kuwa mwanzo wa mstari wao wa mpaka. Wao waliona mahali pa kututenga. Lakini maji hayajui mstari. Nilipoukata mkuyu ule sikumnyima maji mama yangu peke yake. Nilimpunguzia na mama mmoja wa ng'ambo ambaye hajui jina langu.

Binti yetu hakuondoka bure. Kule Taita, mama mkwe wake ana kitalu pamoja na akina mama wenzake, naye amejifunza. Alikaa na mama yake wiki mbili, wakakusanya mifuko ya maziwa, wakajaza udongo, wakaotesha. Leo ni akina mama wa jumuiya yetu ndogondogo wanaokitunza kitalu hicho, nami ndiye mchota maji wao. Mikaratusi yangu ya bondeni nimeing'oa. Miche ya kwanza mbuzi walikula zaidi ya nusu, na mmoja wa mbuzi hao alikuwa wangu. Tulipanda tena. Maji hayajarudi kama zamani, sitawadanganya. Lakini kiangazi kilichopita chemchemi haikukatika.

Basi wale wanaotaka kuanza, nawapa maneno machache tuliyojifunza kwa kukosea.

Kwanza, kusanyeni mbegu za miti ya hapa hapa, kama mshai, kutoka mti wenye afya. Mkuyu waota pia kwa tawi nene lililochomekwa wakati wa mvua.

Pili, kitalu kiwe karibu na maji na karibu na nyumba, mahali jicho la mama laweza kufika. Changanyeni udongo wa msituni na mbolea ya ng'ombe iliyokwisha oza. Wekeni kivuli cha nyasi juu, mkipunguze kidogo kidogo miche inapokua, ili izoee jua.

Tatu, mwagilieni asubuhi na jioni, kwa mkebe uliotobolewa, si kwa kumwaga ndoo.

Nne, pandeni mvua zinapoanza kushika, masika au vuli, wala si mwishoni mwake. Juu ya chemchemi pandeni miti ya asili. Mikaratusi iwekeni mbali na maji, maana ni mnywaji. Migrevilea yafaa mipakani mwa shamba, kwa kuni na mbao.

Tano, na hili ndilo kubwa, hesabuni miche iliyopona, wala msihesabu iliyopandwa. Kila mche upewe mtu wa kuutazama, hata mtoto wa darasa la tatu aweza. Fungeni mbuzi.

Akina baba, msiwaachie akina mama peke yao halafu mje kuuza mbao. Nawaambia hivi mimi niliyekuwa wa kwanza kukosea.

Sisemi tuache kumtania Mkenya. La hasha! Kiswahili chake bado chahitaji matengenezo, na bao lile la tatu mpaka leo vijana wangu wanasema halikuwa halali, ingawa hawajui kwa nini. Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 limepewa Kenya, Uganda na Tanzania kuliandaa pamoja, na mkwe wangu amekwisha ahidi kuja na pakiti nyingine ya chai ya pole. Mama watoto ameifungia sukari kabisa.

Akija, nitampeleka tena bondeni. Mkuyu tuliouchomeka katika vuli ya mwaka 2019 umenipita kimo sasa. Nataka auone.

Kwaherini kwa wiki hii. Na wewe msomaji, kama una mkuyu wako uliousingizia mvua, mwambie mtu nyumbani kwako kabla mvua hazijaanza.